Mwaka wa Saa ya Mchungaji

Simu ilinikuta Mwanjelwa, Mbeya, kibandani kwangu, lenzi ikiwa jichoni. Mbele yangu alikuwa amesimama kijana aliyeona saa ya zamani mtandaoni, akapatana na mwenye nayo, akaomba aniletee kwanza niikague kabla hajalipa. Siku hizi saa za zamani zimerudi kuwa fasheni. Vijana waliokua na simu mkononi wanataka saa ya kujaza kwa vidole, na wakiipata wanaipiga picha kuliko wanavyoitazama. Nikaipokea simu kwa mkono wa kushoto. Alikuwa Neema, binti wa Mzee Mgaya, anapiga kutoka Iringa. "Dada Atupele," akasema, "mzee ametutoka leo alfajiri." Nikaiweka ile saa juu ya kitambaa, nikamwambia kijana aje wiki ijayo. Akauliza, "Kwani ni feki, mama?" Nikamjibu kwamba sijaiangalia. Akanitazama kama mtu anayefichwa jambo, akachukua saa yake, na hakurudi tena.

Mzee Mgaya ndiye aliyenifundisha kazi hii. Nilikaa kwake mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na miwili, na mwaka huo ndio aliopoteza macho. Habari za kwetu Iyunga, na za jinsi msichana alivyopelekwa kujifunza saa badala ya cherehani, naziacha. Kila nikianza kuzieleza najikuta najitetea. Ninachotaka kusimulia ni mwaka ule, na hasa asubuhi moja ya Alhamisi ambayo sijawahi kumsimulia mtu hadi mwisho. Nilifunga kibanda, nikapanda basi la kwanza, na njia nzima, kuanzia Uyole hadi tunaingia Iringa, nilikuwa napanga maneno ya kuwaambia watu msibani. Sikupata hata sentensi moja iliyosimama.

Nyumba yao ilikuwa Mlandege. Chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, Mzee alikiita ofisi. Palikuwa na meza moja pana iliyokatwa ukingo kidogo ili fundi aingize kifua, benchi la wateja, na saa za ukutani kumi na mbili zilizosema majira kumi na mbili tofauti. Wateja walikuwa wanamtania, "Fundi, kwako ni saa ngapi?" naye anajibu, "Chagua unayoipenda." Mimi nililala chumba cha uani, kilichopakana na cha kwao. Kuta hazikufika kwenye bati, kwa hiyo moshi wa jiko la mkaa, harufu ya maharage na maneno ya mtu na mkewe vyote vilipita juu na kunishukia kitandani. Mama Mgaya alipika ugali na mboga ya figiri siku za kazi na makande Jumamosi. Wakati wa baridi ya Juni tulikula tumelizunguka jiko, kila mtu amejifunika kitenge chake, na Mzee akitania kwamba Wanyakyusa tunaogopa baridi kwa sababu tumenenepeshwa na ndizi. Mimi sikuwa mnene. Nilikuwa na furaha nyumbani mwa watu wale, na jambo hilo ndilo linaloniuma zaidi ninapokumbuka yaliyofuata.

Kutengeneza saa kulikuwa nusu ya kazi yake. Nusu nyingine ilikuwa kukagua. Iringa nzima mtu alipotaka kununua saa ya zamani, hasa zile za Uswisi, muuzaji na mnunuzi walikuja pamoja kwa Mgaya, wakakaa benchi moja, naye akaifungua mbele yao. Alinifundisha kuanza na sikio, kisha macho. Saa nzuri hata ikizeeka mapigo yake ni sawasawa. Ile ya hovyo inachechemea. Halafu uso wa saa: chini ya lenzi, herufi zilizopigwa kiwandani zina kingo kali, lakini uso uliopakwa rangi upya na mjanja wa mtaani herufi zake zinavuja pembeni, kama wino juu ya karatasi yenye unyevu. Halafu mgongo. Ndani ya kifuniko cha nyuma kila fundi aliyewahi kuifungua saa huchora alama yake kwa ncha ya sindano, herufi na mwaka, ndogo mno. Mzee aliamini alama hizo kuliko jina la kiwanda. "Saa ya miaka arobaini isiyo na alama ndani," aliniambia, "ni mtu mzima asiye na kovu. Ulizia alikuwa wapi." Akimaliza kukagua alisema mojawapo ya maneno mawili, ni yenyewe au si yenyewe, na hakuna aliyebisha. Hakuwa na cheti wala muhuri. Neno lake ndilo lilikuwa muhuri.

Niliona mambo yanabadilika wakati wa Kwaresima. Asubuhi moja alijimiminia chai, kikombe kikajaa, akaendelea kumimina. Chai ikafika ukingoni mwa meza, ikaanza kumdondokea gotini, ndipo akaacha. Mama Mgaya akafuta kwa kanga yake, nami nikajishughulisha na kiazi. Baada ya hapo nikaanza kuona mengine. Skrubu ikidondoka aliitafuta kwa kupapasa. Mtu akiingia kutoka upande wa kushoto alishtuka. Akaanza kuniambia, "Atu, nisomee hiyo namba, lenzi yangu ina vumbi." Nikasoma. Kesho yake lenzi ina vumbi tena. Niliifuta lenzi ile kila asubuhi kwa kitambaa safi, ilikuwa ng'aavu, na kila siku aliniambia ina vumbi, na kila siku nilisema, "Naam Baba, leo kuna vumbi sana." Kufikia Pasaka nilikuwa nasoma kila kitu na yeye anasikiliza na kutoa hukumu. Tulifanya vizuri. Hatukukosea hata saa moja, na nilijisifu moyoni kwamba namsaidia.

Jumapili moja mchana, baada ya ibada, nilikuwa nimejilaza chumbani nikasikia sauti zao zikipita juu ya ukuta. Mama alisema, "Baba Neema, twende hospitali wakakuangalie." Mzee akasema, "Wakishaniangalia?" "Watakupa dawa." "Na mtu akiniona pale kwenye foleni ya macho? Nani ataniletea saa?" Nikasikia kijiko kikigonga sufuria. "Yule mtoto anajua," Mama akasema. Mzee akajibu, "Atu ana adabu. Hawezi kusema." Nilijifunika blanketi usoni mchana ule. Nilifurahi kusifiwa, niseme ukweli. Nililipokea neno lile kama zawadi na nikaapa kwamba kamwe hatanisikia nikisema.

Mwezi wa tisa usharika wetu wa Kilutheri ulikuwa unamuaga mchungaji wake aliyekuwa anastaafu. Iliundwa kamati ya zawadi, mwenyekiti wake Mwalimu Kikoti, mwanamke mrefu, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa akizungumza na watu wazima kama wote wako darasa la nne. Kila mtu usharikani alijua kisa cha saa ya mchungaji. Alipokuwa kijana, akitumika huko milimani Kilolo, alikuwa na saa ya Uswisi aliyopewa na mwalimu aliyemlea. Akaiuza siku moja ili kukodi gari la kumpeleka hospitali mwanamke aliyeshindwa kujifungua. Alikihubiri kisa hicho mara nyingi, kila mara akiangalia kifundo cha mkono mtupu ili watu wacheke. Kamati ikaazimia kumtafutia saa ya aina ileile, kiwanda kilekile, ya miaka ileile. Walitafuta miezi mitatu. Akapatikana bwana mmoja wa Chimala, mnunuzi wa mpunga, aliyesema anayo, ni ya marehemu baba yake aliyekuwa dereva. Mwalimu Kikoti akamwambia jambo moja tu: hatulipi mpaka Mgaya aifungue.

Walikuja Alhamisi saa tatu asubuhi. Mwalimu Kikoti, katibu wake mwenye daftari, na yule bwana wa Chimala aliyevaa koti zuri na kunukia sabuni. "Kamwene," akatusalimu Mwalimu kwa Kihehe. "Kamwene," tukaitika. Wakakaa benchi. Mimi nilikuwa pembeni mwa Mzee, mahali pangu pa siku zote, nikingoja aniambie lenzi ina vumbi. Hakuniambia. Mbele ya kamati ya usharika, watu waliomjua kwa miaka, hakuweza kunituma nimsomee. Nilipaswa kulijua hilo tangu jana yake, na sikulijua. Akaiweka saa sikioni, akafumba macho, akasikiliza kwa muda mrefu, na uso wake ukalainika. Mashine ilikuwa nzuri kweli. Hata mimi niliisikia. Akafungua mgongo kwa kile kisu chake kifupi bila kukwaruza. Akatia lenzi jichoni, akainama, akaigeuza saa huku na huku kama alivyofanya maisha yake yote, na mtu asiyemjua angeapa kwamba anaona. Halafu, kama ilivyo desturi yake, akawapa lenzi kila mmoja aangalie. "Unaona nini, Mwalimu?" "Naona magurudumu." "Basi hayo." Akaweka viganja mezani akasema, "Ni yenyewe."

Katibu akaandika. Mzee akanisogezea saa, akasema, "Atu, funga." Nikaitwaa, nikaipeleka kwenye mwanga wa dirisha ili niupate mtaro wa kifuniko, na hapo nikaona. Ndani ya mgongo palikuwa pasafi, hakuna alama hata moja ya fundi, kama sufuria mpya ya dukani. Nikageuza uso wake. Jina la kiwanda lilikuwa limepakwa kwa mkono, herufi zimevuja, na tarakimu ya saba ilikuwa imepinda kidogo. Mtu alikuwa amechukua mashine nzuri ya saa nyingine ya bei ndogo, akaivisha uso wa uongo na mgongo mpya. Nilivuta pumzi. Mzee akaisikia ile pumzi. Akageuza uso kunielekea, ila hakunielekea mimi. Alikuwa anaangalia ukuta, karibu na bega langu. "Kuna nini, Atu?" akauliza. Benchi zima likanitazama. Yule bwana wa Chimala alinitazama kuliko wote. Nikasema, "Hakuna, Baba. Kuna skrubu ilikuwa imelegea." Nikafunga mgongo, ukalia ta, na Mwalimu Kikoti akatuombea kwa sala fupi ya shukrani.

Nimeirudia asubuhi ile kwa njia zote. Ningeweza kusema nataka kuiosha kwanza, waje kesho. Ningeweza kumnong'oneza. Ningeweza hata kuiangusha. Leo zinanijia njia kumi, siku ile haikunijia hata moja. Nilichokiona tu ni kwamba nikisema saa ni ya uongo nitakuwa nimesema vilevile, mbele ya usharika, kwamba Mgaya haoni. Mambo hayo mawili hayakuweza kutenganishwa, nami nilikuwa na adabu.

Mchana huo kamati ikaleta kuku kumshukuru. Mzee alikula kwa furaha, akasimulia jinsi mapigo ya mashine ile yalivyomkumbusha ujana wake. Alipokwenda kupumzika nikamfuata Mama jikoni nikamwambia yote. Alikuwa anakwangua masizi. Hakuacha. "Umekula?" akaniuliza. Nikamwambia, Mama, saa si yenyewe. Akasema, "Nimesikia, mwanangu. Sasa mimi nifanyeje?" Hakuwa ananikemea, alikuwa anauliza kweli. Jumamosi nikajikaza, nikaenda Kihesa nyumbani kwa Mwalimu Kikoti, nikiwa nimepanga kusema kwamba kosa ni langu. Alinikaribisha sebuleni, akafungua kabati, akanitolea saa kwa fahari. Walikuwa wameshaipeleka kwa mchongaji. Mgongoni paliandikwa jina la mchungaji, jina la usharika, na maneno ya Zaburi. "Imependeza?" akauliza. Nikasema imependeza. Nikanywa soda yake, nikarudi Mlandege kwa miguu.

Siku ya kuaga, kanisa lilijaa hadi nje. Mwalimu Kikoti alisimulia jinsi saa ilivyotafutwa na jinsi Fundi Mgaya alivyoithibitisha, na watu wakampigia Mzee vigelegele, naye akasimama na kuinama kidogo. Mchungaji akaipokea. Akaiangalia. Mimi nilikuwa safu ya nne na sikuondoa macho yangu usoni pake. Mtu aliyewahi kuvaa saa ya aina ile miaka saba hawezi kudanganywa na uso wake, na nikaona dhahiri amejua. Aliinua kichwa, akamtafuta Mzee kati ya watu, akamkazia macho muda mrefu, wala hakuwa amekasirika. Kisha akaivaa, akanyoosha mkono juu ili wote waone, na kwaya ikaanza kuimba.

Jumatatu yake alikuja ofisini peke yake, saa mkononi. Nikajua anakuja kudai maelezo, nikainuka niwapishe, akanishika bega nikae. Akavuta benchi karibu na meza. "Mgaya," akasema, "macho yako yakoje siku hizi?" Mzee akacheka. "Yapo, Baba Mchungaji. Vumbi tu." Mchungaji akangoja. Saa za ukutani zililia kila moja kwa wakati wake. Hatimaye akasema kwa upole, "Miaka yote hii hujawahi kuipitisha saa mbovu. Nilipoiona hii nilijua hukuiona." Mzee alipapasa meza mpaka akaipata lenzi, akaishika mkononi. "Sioni," akasema. Lilikuwa neno dogo mno, na aliyelitoa kinywani mwake alikuwa mtu mwingine, si mimi, kwa maongezi ya dakika mbili. Mama Mgaya, aliyekuwa mlangoni, alikaa chini palepale kwenye saruji. Mchungaji akakataa kabisa saa irudishwe au isemwe popote. Aliivaa hadi alipokufa.

Juma lile Mchungaji akatafuta gari la kutupeleka hospitali ya misheni yenye kliniki ya macho. Mama alikuwa na homa, kwa hiyo niliingia mimi na Mzee. Daktari alikuwa dada mwenye sauti ya taratibu. Akampima muda mrefu gizani, akawasha taa, akasema ni presha ya macho. Inaanza kula pembeni, mtu haumwi, hajui. "Shida ilianza lini, mzee?" Mzee akasema kama wiki tatu hivi. Daktari akaandika, akasita, akanigeukia. "Wewe unaishi naye?" "Ndiyo." "Ni wiki tatu?" Mzee alikuwa amekaa wima, viganja magotini. Nikasema, "Ni tangu Kwaresima." "Kwaresima ya mwaka huu?" "Ya mwaka huu." Akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba dawa ipo, lakini dawa inalinda kilichobaki, kilichokwenda hakirudi, na kwa Mzee kilichobaki ni kidogo sana. "Mngekuja wakati ule," akasema, na hakumalizia.

Tulikaa kwenye benchi nje kungoja gari. Mama alikuwa ametufungia viazi vya kuchemsha. Nikamenya kimoja, nikamtia mkononi. Akakishika bila kula. "Ile saa," akasema, "ulipofunga mgongo uliona nini?" Nikamwambia: herufi, tarakimu ya saba, mgongo usio na alama. Alinisikiliza kama alivyokuwa ananisikiliza nikimsomea namba, akitikisa kichwa taratibu. "Kwa hiyo ulijua sikuona." "Nilijua, Baba." "Na ukasema skrubu." Nikaanza kulia, nikamwambia niliogopa aibu yake mbele ya watu. Akamega kiazi, akatafuna, akameza. "Aibu ungeniachia mwenyewe, Atu," akasema. Hakulitaja tena jambo hilo maisha yake yote, na kila nilipokwenda kumsalimia alinipokea kwa furaha ileile. Mara nyingi nilitamani anigombeze.

Kufikia Krismasi alikuwa anatofautisha mchana na usiku tu. Mimi nikarudi Mbeya, nikafungua kibanda, na watu wakaja kwa sababu nilikuwa nimefundishwa na Mgaya.

Msibani nilimkuta Mama Mgaya chini ya turubai, amekonda, kichwa kimefunikwa kitenge. Akanivuta nikae kando yake, akaushika mkono wangu wala hakuuachia. Kabla ya kwenda makaburini ukasomwa wasifu wa marehemu. Aliusoma mzee mmoja wa kanisa, karatasi mbili zilizopigwa chapa, kuzaliwa, kubatizwa, ndoa, kazi. Akafika mwaka ule. Akasoma kwamba marehemu alipoteza macho ghafla, ilivyompendeza Mungu, na kwamba katika kipindi hicho kigumu alikuwapo nyumbani binti kutoka Mbeya, Atupele, ambaye alikuwa macho yake, na familia inaomba asimame watu wamwone. Mkono wa Mama ukakaza juu ya wangu hadi mifupa ikaniuma. Nikasimama. Watu wote wakanigeukia kwa shukrani, wengine wakitikisa vichwa, mama mmoja akisema, "Mungu akubariki, mwanangu." Mzee hakuwa tena wa kuaibika. Hapakuwa tena na mtu niliyepaswa kumlinda. Maneno niliyokuwa nikiyatafuta tangu Uyole yalinijia, nikafungua mdomo.

Nikasema, "Asanteni." Nikakaa, na msomaji akaendelea na idadi ya wajukuu.